Shahada Bila Jina la Kazi: Wanasayansi wa Vyuo Vidogo vya Marekani Huenda Wapi?

Kila mwaka kati ya Machi na Aprili, barua za udahili zinapoanza kutoka Marekani, huwa napigiwa simu na wazazi ambao watoto wao wamepata nafasi, na mara nyingi ufadhili mkubwa, katika vyuo ambavyo hawajawahi kuvisikia: Grinnell, Carleton, Wooster, Mount Holyoke, Berea. Mzazi hunieleza kwamba mtoto anataka kusoma kemia au baiolojia, kisha huuliza swali ambalo mtoto mwenyewe hakuthubutu kuliuliza: akimaliza huko atakuwa nani? Swali hilo ni la haki kabisa. Aliyezoea mfumo wetu anajua kwamba anayeingia chuo kusomea udaktari hutoka daktari, anayesomea uhandisi hutoka mhandisi, na anayesomea ualimu wa sayansi hutoka mwalimu. Mhitimu wa kemia wa vyuo hivi, viitwavyo vya sanaa huria (liberal arts), hatoki na jina lolote la kazi. Mimi nilitoka hivyo, na haya ndiyo maelezo ambayo kwenye simu huwa hayatoshi.

Vyuo vya namna hii hufundisha shahada ya kwanza peke yake, au karibu peke yake. Vingi vina wanafunzi kati ya 1,500 na 2,500, wengi wao wakiishi bwenini, na kila mmoja, hata awe wa fizikia, hutakiwa pia kusoma masomo kama historia, lugha, falsafa na uandishi. Sayansi na hisabati ni sehemu ya mtaala huo tangu zamani, na maabara zake hazina sababu ya kudharauliwa. Baadhi ya vyuo hivi, Carleton na Grinnell vikiwamo, hutoa shahada ya aina moja tu, BA, kwa mwanafalsafa na kwa mwanafizikia sawasawa, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu huwasumbua watu wakirudi nyumbani.

Mfano wa kwanza ninaoutoa kwa wazazi ni wa mtu ambaye Afrika Mashariki nzima inamjua, ingawa wachache wanakumbuka alisoma nini na wapi. Mwaka 1960 Wangari Muta, ambaye baadaye tulimjua kama Wangari Maathai, aliondoka Kenya katika ule mpango wa kuwasafirisha wanafunzi kwenda Marekani uliosimamiwa na Tom Mboya, mpango ambao mwaka uliotangulia ulikuwa umewapeleka wanafunzi 81 kwa ndege ya kukodi. Hakwenda katika chuo kikuu chenye jina kubwa. Alikwenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista Wabenedikto katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, ambacho leo ni sehemu ya Benedictine College. Somo lake kuu lilikuwa baiolojia, akaongeza kemia na Kijerumani, akahitimu mwaka 1964. Kutoka hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa shahada ya uzamili, akichunguza tezi ya pineali ya kware, na Januari 1966 akarejea Nairobi akiwa ameahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu. Alipofika akaambiwa kwamba nafasi hiyo imekwisha kupewa mtu mwingine.

Hapo ndipo ninapowaomba wazazi watulie kidogo. Msichana ana shahada mbili za Marekani, ameahidiwa kazi, na kazi hana. Kilichomfaa wakati huo ni kwamba alijua kufanya kitu kwa mikono yake: aliweza kuandaa tishu za mnyama na kuzisoma chini ya darubini, na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo, alimhitaji mtu wa aina hiyo. Kupitia idara hiyo alipata nafasi ya kwenda Giessen na Munich kuendelea na utafiti, na kile Kijerumani cha Kansas, ambacho mjomba yeyote makini angeuliza kina faida gani kwa mwanabaiolojia, kikapata kazi ya kufanya. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza kufika hapo katika Afrika Mashariki na Kati. Ilikuwa katika kazi hiyohiyo ya sayansi, akikusanya kupe nje ya Nairobi kwa ajili ya utafiti wa ndigana, ndipo alipoona ng'ombe waliokonda hadi mbavu kuhesabika, nyasi haba, na mito iliyokuwa ikiteremka na udongo. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilianza mwaka 1977, na Tuzo ya Amani ya Nobel ikaja mwaka 2004.

Simtaji Maathai ili niahidi Nobel kwa kila binti wa mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Namtaja kwa sababu njia yake ina kila kitu ambacho nimekiona kwa wahitimu wa kawaida: hakuna kazi inayosubiri mlangoni, somo la pembeni huja kufaa mahali lisipotarajiwa, ahadi huvunjika, na mwisho mtu huajiriwa kwa sababu kuna kazi fulani anayoweza kuifanya kesho asubuhi bila kufundishwa upya.

Ujuzi huo hupatikana kwa sababu moja ambayo mara nyingi brosha za vyuo haziisemi wazi. Katika chuo kikuu kikubwa, mashine ya gharama hutumiwa kwanza na wanafunzi wa uzamivu na wataalamu walioajiriwa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huosha vyombo na kusubiri. Katika chuo kidogo wanafunzi wa uzamivu hawapo, na profesa anayetaka kuendelea na utafiti wake hana mtu mwingine ila wewe. Huko nilikosoma, sumaku ya mashine ya NMR, ambayo hutumika kutambua muundo wa molekuli, ilikuwa ikiongezwa nitrojeni ya kimiminika kila wiki, na kazi hiyo ilikuwa yetu wanafunzi. Tulivaa glavu nene na miwani, tukaacha saa na kadi za benki nje ya mlango kwa sababu sumaku ingeziharibu, kisha tukashika mrija wa chuma uliokuwa ukigeuka mweupe kwa barafu huku mvuke ukitambaa sakafuni. Baada ya hapo kila mmoja aliingiza mwenyewe kijitube chake cha kioo, chembamba kuliko penseli, akasubiri mchoro wenye vilele utoke.

Nakumbuka siku mwenzangu mmoja alipoleta mchoro wake kwa profesa akiwa na furaha tele. Profesa aliweka kidole kwenye kilele kirefu kilichosimama peke yake na kuuliza kimetoka wapi. Mwenzangu alijibu kwa kujiamini kwamba hiyo ni methili iliyo jirani na kabonili, vikundi viwili vya atomu katika molekuli aliyoitengeneza. Profesa akasema, kwa upole ambao ulimchoma zaidi kuliko ukali, kwamba ni methili kweli, na ni kweli iko jirani na kabonili, ila ni ya asetoni aliyooshea kile kijitube. Mazungumzo ya namna hiyo, ana kwa ana, muhula baada ya muhula, ndiyo yanayomfanya mtu awe mkemia, na sijaona namna ya kuyatoa katika ukumbi wenye wanafunzi mia nne.

Vyuo vingine vimelifanya jambo hili kuwa sharti. Huko Wooster, Ohio, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, wa somo lolote, hufanya utafiti wake mwenyewe chini ya msimamizi mmoja na kuuandikia tasnifu. Katika Chuo cha Reed, mjini Portland, kuna kinu cha nyuklia cha utafiti kilichoanza kazi mwaka 1968, na wanaokiendesha ni wanafunzi wa shahada ya kwanza waliopewa leseni na serikali baada ya mtihani, wala si wote wanaosoma fizikia.

Kwa hiyo haishangazi kwamba njia inayotajwa kwanza ni ya uzamivu. Thomas Cech alihitimu kemia Grinnell, mji mdogo katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, mwaka 1970, na mwaka 1989 akashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuonyesha kwamba RNA inaweza kuchochea mmenyuko yenyewe, kazi iliyodhaniwa kuwa ya protini tu. Katika maabara yake huko Colorado alipita Jennifer Doudna, mhitimu wa Chuo cha Pomona wa mwaka 1985, ambaye mwaka 2020 alishiriki tuzo hiyohiyo kwa ajili ya mbinu ya kuhariri jeni ya CRISPR. Mwaka 1999 Cech mwenyewe aliandika makala akieleza kwamba, ukilinganisha kwa idadi ya wahitimu, vyuo vya sanaa huria hutoa watu wanaofikia uzamivu wa sayansi takriban mara mbili ya taasisi za shahada ya kwanza za Marekani kwa ujumla.

Kuna jambo moja kuhusu njia hii ambalo nimegundua kwamba familia nyingi za kwetu hazilijui, na kutolijua kunazigharimu. Marekani, uzamivu wa sayansi kwa kawaida huanza moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, bila kupitia uzamili, na huchukua miaka mitano au sita. Chuo kikuu hulipa ada, na juu ya hapo humpa mwanafunzi posho ya kujikimu kwa kazi ya kufundisha vipindi vya maabara au kufanya utafiti. Mzee mmoja alikuwa tayari ametafuta mteja wa kiwanja chake ili amlipie kijana uzamili wa kemia katika chuo kikuu kimoja cha gharama kubwa. Nilimsihi asubiri mzunguko wa maombi ya Desemba, na kijana akapata nafasi ya uzamivu yenye posho. Maombi hayo hutegemea zaidi barua za maprofesa, kwa kawaida tatu. Barua inayoandikwa na mtu aliyesimama nawe maabara kwa miaka miwili haifanani hata kidogo na barua ya mtu anayekukumbuka kwa alama zako tu. Vyuo vikuu vingi humpa mwombaji mpaka tarehe 15 Aprili kukubali au kukataa nafasi yenye ufadhili.

Wapo pia waliochukua njia ndefu, na napenda kuwataja kwa sababu wahitimu wetu hujiona wamechelewa wakiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. John Fenn alimaliza kemia mwaka 1937 katika Chuo cha Berea, Kentucky, chuo ambacho hakitozi ada ya masomo na ambacho kila mwanafunzi wake hufanya kazi za chuo angalau saa 10 kwa wiki. Baadhi ya vijana wa Afrika Mashariki wamepita hapo. Alipata uzamivu Yale mwaka 1940, akafanya kazi viwandani kwa zaidi ya miaka kumi, kisha ndipo akarudi chuoni kufundisha. Mbinu yake ya kupima uzito wa molekuli kubwa kama protini, ambayo leo iko katika maabara za dawa na hospitali duniani kote, aliikamilisha akiwa amekaribia umri wa miaka sabini. Nobel alipewa mwaka 2002 akiwa na miaka 85.

Percy Julian naye alihitimu Chuo cha DePauw, Indiana, mwaka 1920 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alikuwa mjukuu wa watumwa, na milango ya uzamivu iliyokuwa wazi kwa wenzake weupe haikuwa wazi kwake. Alifundisha katika vyuo vya watu weusi, akapata uzamili Harvard, na uzamivu ikabidi aufuate Vienna, Austria, alikoupata mwaka 1931. Akarudi DePauw kama mtafiti, na mwaka 1935 yeye na Josef Pikl wakatengeneza fisostigmini maabara, dawa iliyotumika kutibu presha ya macho. Chuo hakikumpa uprofesa hata hivyo. Alihamia kiwandani Chicago na huko akafanikisha utengenezaji wa homoni kutoka soya. Ninapomsoma Julian hunijia wazo kwamba mhitimu wa sayansi na fursa yake ni mambo mawili tofauti, na hilo la pili mara nyingi huamuliwa na watu wasiojua hata fomula ya maji.

Kwa mwanafunzi mgeni leo, wanaoamua ni maofisa wa uhamiaji, na ninaona ni afadhali mtu alijue hilo mwaka wa kwanza kuliko wa nne. Viza ya mwanafunzi, F-1, humruhusu mhitimu kufanya kazi inayohusiana na masomo yake kwa miezi 12 baada ya kuhitimu. Aliyesoma somo lililo katika orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati anaweza kuongezewa miezi 24, jumla miaka mitatu, mradi mwajiri wake awe amejisajili katika mfumo wa serikali wa kuthibitisha vibali vya wafanyakazi. Katika ile miezi 12 ya kwanza hesabu ya siku za kukaa bila kazi haitakiwi kuzidi 90. Nimeona kijana mwenye alama za juu kabisa akihesabu siku hizo kama mgonjwa anavyohesabu vidonge. Baada ya hapo huja viza ya kazi ya H-1B, ambayo nafasi zake kwa makampuni ni 65,000 kwa mwaka, na nyingine 20,000 kwa wenye shahada za juu za Marekani, na kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko nafasi, hupigwa bahati nasibu.

Lakini vyuo vikuu, pamoja na taasisi za utafiti zisizo za kibiashara zilizofungamana navyo, haviingii katika ukomo huo wa nafasi. Ndiyo maana wahitimu wengi wa kigeni ninaowajua, na mimi nikiwamo, walianzia kama wasaidizi wa utafiti katika maabara za vyuo vikuu na hospitali zake, kwa mshahara mdogo kuliko wa kampuni. Kazi yenyewe haina fahari. Unakuza seli katika sahani za plastiki na kuzibadilishia chakula hata Jumapili, unaagiza kemikali, unaandika namba za panya, unamfundisha daktari bingwa kutumia pipeti bila kumvunjia heshima. Hata hivyo ndani ya miaka miwili au mitatu jina lako linaweza kuingia katika makala ya kitaaluma, na unakuwa umejua kama kweli unataka maisha hayo. Wamarekani wenyewe hufanya hivyo kwa wingi kabla ya uzamivu au udaktari. Kwetu hutafsiriwa kuwa ni kukwama. Shangazi yangu alikuwa akiuliza kila sikukuu, "Mwanangu, bado uko kwa hao panya?" na nilikuwa najibu, "Bado, shangazi, shikamoo," maana sikuwa na jibu fupi zaidi.

Kuna tahadhari nyingine inayohusu likizo ya kiangazi. Programu maarufu ya Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, inayowalipa wanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya utafiti wakati wa likizo katika vyuo vingine, ni ya raia na wakazi wa kudumu tu. Mgeni hutegemea fedha za chuo chake mwenyewe. Chuo kidogo chenye mfuko mzuri wa utafiti wa kiangazi ulio wazi kwa wote kinaweza kumfaa mtoto wako kuliko chenye jina kubwa kisicho na mfuko huo, kwa sababu ni katika hizo wiki nane au kumi za Juni na Julai, bwenini kukiwa kimya na maabara ikiwa yenu peke yenu, ndipo utafiti hufanyika hasa.

Sasa udaktari wa binadamu, ambao ndio ndoto iliyojificha nyuma ya nusu ya simu ninazopokea. Marekani huingii shule ya udaktari kutoka sekondari. Unamaliza kwanza shahada ya miaka minne, ukiwa umesoma baiolojia, kemia ya kawaida, kemia kaboni na fizikia pamoja na maabara zake, unafanya mtihani wa MCAT ambao alama zake huanzia 472 hadi 528, kisha unaomba nafasi ya kusoma udaktari kwa miaka minne mingine. Vyuo vya sanaa huria huwaandaa vizuri Wamarekani kwa njia hiyo. Kwa mgeni, shule nyingi hazipokei kabisa maombi yake, na baadhi ya zinazopokea humtaka aweke benki mapema ada ya miaka yote minne, fedha ambazo familia ya mwalimu na muuguzi haitaziona katika maisha yake. Rafiki yangu mmoja kutoka magharibi mwa Kenya, aliyekuwa mwanafunzi bora wa baiolojia wa mwaka wake, alijaribu mara mbili na kukosa. Alikwenda kusoma afya ya umma, akabobea katika takwimu za magonjwa, na leo anafanya kazi ya kufuatilia milipuko ambayo madaktari wengi wangeitamani. Anasema hajuti. Namwamini, ingawa nakumbuka pia sauti yake wiki ile barua ya mwisho ilipofika. Kwa mtoto ambaye hataki kitu kingine chochote duniani isipokuwa udaktari, na ana alama za kuingia chuo cha tiba hapa nyumbani moja kwa moja baada ya kidato cha sita, ushauri wangu ni kwamba abaki. Najua ushauri huo haupendwi.

Njia zilizobaki ni nyingi na nitazipitia kwa haraka. Wapo wanaoingia kwenye programu za kompyuta na data. Kampuni ya Epic, inayotengeneza mifumo ya kumbukumbu za hospitali huko Verona, Wisconsin, inajulikana kwa kuajiri wahitimu wa vyuo hivi bila kujali sana walisoma nini. Wapo wanaofanya mitihani ya hesabu za bima, hasa wa hisabati. Mhitimu wa sayansi anaweza kufanya mtihani wa kuwa wakala wa hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, bila kusomea sheria, na ni kazi inayomfaa mkemia anayependa kuandika. Baadhi ya wanaotaka uhandisi hutumia mpango wa miaka mitatu chuoni na miwili katika chuo kikuu kama Columbia, wakatoka na shahada mbili, ingawa lazima waulize mapema kama ufadhili wao utawafuata huko. Mara nyingi haufuati. Wengine hufundisha katika shule za sekondari za binafsi, ambazo nyingi hazidai leseni ya ualimu ya jimbo.

Katika hao walimu kuna kisa kinachonichekesha mpaka leo. Mwenzangu wa benchi la maabara, Mmarekani kutoka Minnesota, alijiunga na Peace Corps, shirika la kujitolea lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, ambalo limeleta Tanzania walimu wengi wa sayansi na hisabati kwa kipindi cha miezi 27 kila mmoja. Wakati mimi nikibadilisha chakula cha seli katika mji wenye theluji, yeye alikuwa nyanda za juu kusini akifundisha fizikia ya kidato cha tatu, akipima mvutano wa uzi kwa mawe na ndoo kwa sababu maabara ya shule ilikuwa na kabati moja lililofungwa na ufunguo wake alikuwa nao mtu aliyehamishwa. Alinitumia picha ya jaribio lake na maelezo kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha binamu zangu wa Dar es Salaam. Sote wawili tulikuwa na shahada ileile.

Kuhusu kurudi nyumbani, la kwanza ni karatasi. Shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU kwa Tanzania na CUE kwa Kenya, ili itambuliwe rasmi, na ni hapo ile BA ya kemia huzua maswali kwa mwajiri ambaye tangazo lake limeandikwa BSc. Dawa yake ni kubeba, pamoja na cheti, orodha kamili ya masomo yenye saa za maabara na barua ya idara inayoeleza kwamba chuo hakitoi shahada ya aina nyingine. Aliyesoma kemia katika idara iliyoidhinishwa na Chama cha Kemia cha Marekani aombe pia cheti cha chama hicho, maana kinaeleza kiwango cha masomo kwa lugha ambayo mkemia yeyote anaielewa. La pili ni kujua pa kugonga hodi. Taasisi ya Afya Ifakara, kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome kilichoanza Kilifi mwaka 1989, kituo cha wadudu cha ICIPE kilichoasisiwa Nairobi na Thomas Odhiambo mwaka 1970, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kwa wanaotaka uzamili na uzamivu, ni mahali ambapo mtu aliyezoea kushika utafiti mwenyewe anaeleweka haraka. Serikalini na mashuleni ni pagumu zaidi kwa sababu muundo wa utumishi huanza na jina la kada, na kada ndicho kitu ambacho shahada hii haina. Anayetaka kufundisha sekondari, kwa mfano, atahitaji kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza sasa kama mtoto akubali nafasi, mimi humrudishia maswali ya kukiuliza chuo kabla ya kusaini. Wahitimu wa kemia, au baiolojia, au fizikia, wa miaka mitano iliyopita wako wapi leo, na kati yao wageni ni wangapi? Fedha za utafiti wa kiangazi ziko wazi kwa asiye raia? Somo hilo, kwa jina na msimbo linaloandikwa kwenye hati za chuo, limo katika orodha inayompa mhitimu ile miezi 24 ya nyongeza? Chuo makini hujibu kwa majedwali. Ofisi ya udahili ikikujibu kwa brosha yenye picha za majani ya vuli, mwandikie moja kwa moja mkuu wa idara kwa barua pepe. Idara yenye maprofesa sita au saba huwa na wahitimu wachache kiasi kwamba mkuu wake anawajua wote, na mara nyingi atakuambia yupi yuko wapi, alipitia maabara ya nani, na kama yuko tayari kuzungumza na mtoto wako.